Isomwe Polepole, Cherehani Ikizunguka

Mdogo wangu mpendwa, Fundi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi yangu na wote waliomo nyumbani. Natumaini mnaendelea vizuri, na kwamba mgongo wa wifi umepata nafuu tangu alipoacha kubeba ndoo mbili kwa mpigo kama kijana. Mimi huku ni mzima. Goti hunikumbusha umri wangu kila ninapopanda ngazi, lakini viungo vingine bado vinanitii, na ulimi, kama unavyojua, haujawahi kuugua.

Najua barua hii huisomi, unasomewa. Kwa hiyo kabla ya habari nina maneno machache na msomaji wetu. Wifi, tafadhali mkalishe mume wako kwenye kiti chake cha kazi, mbele ya cherehani. Liondoe lile shuka mlilofunikia mashine. Toa sindano na uzi, asije akajishona kidole, kisha mwambie aweke miguu kwenye pedeli na akanyage taratibu, bila kushona kitu. Namjua ndugu yangu. Akisikia neno hospitali miguu yake hutafuta mlango, na mguu wenye kazi hauendi mbali. Halafu wewe mwenyewe soma polepole. Huwa unasoma kama mtu anayekimbilia basi. Kila ukifika kwenye nukta, shusha pumzi kwanza ndipo uendelee. Na kama umeona jambo lolote kuhusu mwandiko wa barua hii, limeze mpaka tufike mwisho.

Haya, Fundi. Naamini mashine inazunguka. Vizuri.

Nianze na yale aliyonieleza wifi kwa simu. Alisema yule mteja wako mwenye tumbo, aliyeshonesha koti jeusi, alilirudisha kwa sababu tundu za vifungo zilikuwa na uzi wa buluu. Ukamwambia kwamba huo ndio mtindo wa sasa. Akakujibu kwamba kama ni mtindo, basi umeanzia kwake na utaishia kwake. Nilicheka sana. Lakini baada ya kukata simu kicheko kilinikauka, kwa maana nazijua tundu zako za vifungo. Wenzako huzitoboa kwa mashine na kwenda zao. Wewe huzizungushia uzi kwa mkono, moja baada ya nyingine, mpaka kitambaa kinaonekana kama kilizaliwa nazo. Fundi wa namna hiyo akishindwa kutofautisha buluu na nyeusi, hapo hakuna mtindo. Hapo kuna mtoto wa jicho.

Na wala si kwamba hujui. Daktari wa macho alikueleza kwamba ukungu huo huondolewa, kioo kidogo kikawekwa mahali pake, na mtu akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Alikuonya pia kwamba ukizidi kungoja ukungu unazidi kuwa mgumu, na kazi inazidi kuwa nzito. Ukakubali. Ukaenda. Ukavalishwa gauni na kofia ya karatasi, ukatiwa dawa ya matone, ukakalishwa kwenye benchi. Kisha ukaaga kwamba unakwenda msalani. Aliyekuona baada ya hapo ni muuza viatu wa mtaani kwenu, ambaye mpaka leo anasimulia jinsi fundi wa suti alivyompita mbio, gauni likiwa wazi mgongoni. Wifi anasema ulipofika nyumbani hukutaja kisu hata kidogo. Ulilalamikia mshono wa lile gauni, ukasema aliyelishona alikuwa na ugomvi na binadamu. Tangu siku hiyo mashine imefunikwa kama maiti, nawe unasema ni heri ushone kwa kupapasa kuliko mtu kukujia na chuma jichoni.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, na kweli, mtaa mzima ulicheka. Mimi sikulaumu. Hofu haina adabu; haiombi ruhusa ya kuingia. Nilichojiuliza ni kama kuna namna ya kuzungumza nayo ikatoka yenyewe bila kusukumwa, na hapo ndipo habari zangu zinapoanza, kwa maana dada yako amejifunza kazi mpya uzeeni.

Chanzo ni gego langu la nyuma. Liliuma mpaka nikawa nalala nimekaa. Hatimaye nikajikokota hadi kwa daktari wetu wa meno, mama mpole mwenye sauti nzito ambaye mtaa mzima unamwita Mama Meno. Nilipokiona kile kiti chake nikaanza kutetemeka hadi hereni zikawa zinalia. Hakuniambia nisiogope. Aliniambia tu nitazame alama ya kutu kwenye mkono wa taa, juu kidogo ya usawa wa macho yangu, na niiache inichoshe. Akawa anazungumza. Alisema nimekaa, nikakubali moyoni kwamba kweli nimekaa. Alisema mgongo wangu unagusa kiti, nao ulikuwa unagusa. Alisema nasikia sauti yake, na ningeachaje kuisikia? Kisha, kwa sauti ile ile, akasema kope zangu zimekuwa nzito. Ndugu yangu, zilikuwa nzito! Akanipiga sindano ya ganzi na kuling'oa gego, nami nikiwa mbali sana, mahali ambapo nitapataja baadaye. Niliporudi alinionyesha jino kwenye kibakuli. Nilimuuliza ni la nani.

Basi unanijua. Nilikataa kuondoka mpaka anieleze alichonifanyia. Akacheka, akaniambia nije asubuhi kabla wagonjwa hawajafika. Nikaenda, na keshoye nikaenda tena.

Vitabuni jambo hili huitwa hipnosi. Mama Meno huliita kuzama, nami nimelipenda jina hilo. Watu hudhani ni uchawi, au kwamba mtu huzimishwa kama taa. Siyo. Aliyezama halali, na akili haimtoki. Anasikia kila kitu, ila anachagua kusikia kimoja. Kama huamini, muulize huyo anayekusomea ni mara ngapi amekuita uje ule, nawe umeinamia tundu za vifungo, chakula kikapoa, naye akakasirika, nawe ukaapa kwamba hukusikia mtu akikuita. Hukuwa unadanganya. Ulikuwa umezama. Umekuwa ukizama tangu ujanani na hakuna aliyekulipisha somo.

Najua sasa unamwambia mkeo kwamba Dada ameanza darasa. Ndiyo, nimeanza, wewe kanyaga tu pedeli.

Jambo la kwanza ni kuyapa macho mahali pamoja pa kukaa. Doa la ukutani linatosha, au mwanga wa dirisha. Jicho lililotulia huyatuliza na mengine. La pili ni kwenda na pumzi ya mtu. Yeye akitoa pumzi, hapo ndipo unaposema neno, kwa sababu mwili unaotoa pumzi tayari unalegea, nawe unaingia naye kama mtu anayepitia mlango uliofunguliwa na mwingine. Lile la kutaja ukweli kwanza nimekwisha kulisimulia, na wewe utalielewa kuliko mtu yeyote, kwa sababu ni sawa na kupiga bandi kabla ya kushona. Hushoni mkono wa koti moja kwa moja. Kwanza unaushikiza kwa uzi mwepesi, hapa na hapa na hapa, kitambaa kinazoea kukaa pamoja, ndipo unapita na mshono wenyewe. Umekaa: huo ni uzi mwepesi. Miguu iko kwenye pedeli, huo nao. Unasikia mtu akisoma, na chini ya sauti yake unasikia chuma kikizunguka. Na mabega yanashuka, kwa sababu mabega yaliyokaa namna hiyo hayana haja ya kubaki juu.

Wifi, hapo shusha pumzi.

Baada ya hapo mtu hupitishwa mwilini mwake polepole, kuanzia nyayo, akiachia kila kiungo kama mtu azimaye taa chumba kwa chumba kabla ya kulala. Wengine huambiwa mkono wao umekuwa mwepesi, na ukiutazama kweli unainuka wenyewe. Wengine hushushwa ngazi za kuwazia tu, na kila ngazi wakizama zaidi. Mama Meno aliniambia nijaribu zote kwa watu wa karibu, wanaokubali kwa hiari yao. Nikaanza na jirani yangu Msusi, aliyekuwa mwanafunzi wangu zamani na ambaye sasa ndiye anayenisuka. Nilimwambia atazame kitasa cha mlango. Akakitazama kwa utulivu mkubwa, nikafurahi, kisha akasema kitasa changu hakijafutwa tangu niliponunua nyumba. Akainuka kutafuta kitambaa. Nikamwita Posta, yule mzee mstaafu wa kupeleka barua. Huyo alifumba macho vizuri. Nikamshusha ngazi. Alipofika katikati akakunja uso, akasema hata kwa mawazo magoti yanamuuma, akauliza kama hakuna lifti.

Nikamtengenezea lifti. Na ndani ya lifti Posta akazama hadi mdomo ukaachama. Mkono wake ukaanza kuinuka kutoka gotini, taratibu kama moshi. Ndugu yangu, sijawahi kuona kitu kizuri kama kile tangu siku mwanafunzi wangu wa mwisho darasani alipofaulu kugawanya. Furaha ikanipanda kichwani, na kinywa changu, kilichofundisha maisha yake yote, kikafanya kilichozoea kufanya kila somo linapokwenda vizuri. Nikauliza: "Tuko pamoja?"

Posta akaruka kutoka kitini, macho yamemtoka, akajibu kwa sauti ya paredi: "Ndiyo, mwalimu!"

Naye sikumfundisha hata siku moja. Ilikuwa hivyo hivyo kwa Msusi niliporudia, na kwa binti yake. Nikifika mahali pazuri, lazima niulize, na nikiuliza, aliyezama huruka nje ya maji kama samaki. Mama Meno alishuhudia mara moja akacheka hadi akavua miwani. Alinieleza kwamba mwalimu huuliza swali hilo kwa ajili yake mwenyewe, ili apate uhakika, lakini aliyezama hana haja ya kutoa uhakika kwa mtu. Ukimwita aje kujibu, ataacha alipokuwa na kuja. Tiba yangu, alisema, ni kuuma ulimi na kuamini kwamba mtu yupo. Hilo, Fundi, lilikuwa gumu kuliko mbinu zote. Nimejifunza kufumba mdomo nikiwa na umri huu, jambo ambalo marehemu mama alilijaribu akashindwa.

Alinipa pia sheria moja, akasema nikiivunja asinione tena mlangoni kwake. Mlango wa kuzama, alisema, una kitasa upande wa ndani tu. Aliye nje anaweza kubisha kwa upole, anaweza kuimba, lakini hawezi kufungua. Mtu asiyetaka hazami, na aliyezama akitaka kutoka anatoka, hana haja ya kumwomba mtu ruhusa. Na ni lazima aambiwe kwamba mlango unabishwa. Ishike hiyo sheria, tutairudia.

Sasa nikusimulie habari ya mama mmoja niliyemwona katika wodi ya macho, hospitali ile ile uliyoikimbia. Mtu mzima wa makamo yangu, mwenye ukungu kama wako. Huyo mama alikuwa mwoga kuliko wewe. Wewe angalau ulifika benchini kimya. Yeye alimwambia muuguzi kwamba ameacha jiko linawaka. Muuguzi akamuuliza kama kuna mtu nyumbani. Akasema yupo, lakini mtu mwenyewe hajui kuzima jiko. Alipoletewa gauni alisema ni kubwa, lilipobadilishwa akasema ni dogo. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa amewaficha watu wake kwamba haoni vizuri. Alikuwa akimimina chai pembeni ya kikombe na kusema meza ndiyo iliyoinama.

Kwa bahati, Mama Meno alikuwa amemfundisha kuzama peke yake, bila kuongozwa na mtu. Daktari alimtia ganzi, kwa maana kuzama hakuchukui nafasi ya ganzi, usije ukaniambia nimesema hivyo. Ganzi huondoa maumivu. Kuzama huondoa zile mbio. Akalala chali. Alipaswa kutulia kabisa, asitikise hata kidole. Akatafuta doa la kutazama, asilione. Akatafuta ngazi, zikampotea. Kope haziwezi kuwa nzito wakati zimeshikiliwa wazi. Kila mbinu aliyoijua ilimkimbia.

Ndipo akasikia cherehani.

Haikuwepo, bila shaka. Ilikuwa ndani ya kichwa chake. Zamani, alipokuwa msichana, aliugua homa iliyomlaza kwa majuma, na mdogo wake aliyekuwa anajifunza ufundi alikuwa anashona chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yao. Usiku na mchana alisikia ile mashine ikienda, ikinyamaza kidogo kwenye kona ya kitambaa, ikiendelea. Kila iliponyamaza aliogopa, kila ilipoendelea alijua kwamba kuna mtu upande wa pili na kwamba hajaachwa. Basi pale kitandani, chini ya taa ile kubwa, akaisikia tena. Akatoa pumzi pamoja nayo. Mwanga mbele yake ukawa wa rangi, kama kitambaa kinachotandazwa, na daktari akiwa anafanya kazi, yeye alikuwa nyuma ya ukuta ule, anasikiliza, hana haraka. Alishtuka kuambiwa kwamba wamemaliza. Alidhani hawajaanza.

Mahali nilipokuwa Mama Meno akining'oa gego ni hapo hapo.

Ndiyo, Fundi. Huyo mama ni mimi. Nilipokwambia nakwenda kumtazama rafiki aliyelazwa, nilikuwa nakwenda kulazwa mwenyewe kwenye kitanda cha upasuaji. Nilikushauri kwa simu kishujaa huku mwenyewe sioni namba za simu, nikipigiwa na Msusi. Sikutaka kukuambia kabla, kwa sababu ningeshindwa ungepata kisingizio, na ningekimbia tungekuwa wawili wenye kofia za karatasi mtaani. Sasa wifi anaweza kusema alichomeza. Barua zangu za mwaka jana zote ziliandikwa na Msusi, kwa ule mwandiko wake wa madoido unaofanana na nywele anazosuka. Hii nimeiandika mwenyewe, kwa mkono wangu, jioni hii dirishani, na mstari haujapanda wala kushuka.

Na la pili la kuungama, kwa sababu ya ile sheria. Mlango wako umebishwa tangu mwanzo wa barua. Ndiyo sababu ya kiti, ndiyo sababu ya pedeli, ndiyo sababu mkeo amesomeshwa polepole na kupumua kwenye nukta. Sijafanya zaidi ya kubisha. Kama bado miguu inakanyaga na mabega yameshuka, basi umefungua mwenyewe, na unaona kwamba ndani hakuna wa kukudhuru. Tumetaja hospitali, kisu, sindano na jicho, nawe upo kitini. Na kama umekwisha kukimbia, basi wifi anasomea kiti, naye namwomba radhi kwa kumchosha.

Daktari wa macho ametuwekea nafasi Jumanne ijayo. Siku moja kabla nitakuja kulala kwenu, andaeni godoro lenye adabu kwa ajili ya goti langu. Amekubali nikae kando ya kitanda nikikushika mkono, ilimradi nisizungumze sana. Nilimwambia nimejifunza. Cherehani hairuhusiwi mle, na mguu wako hautatikisika hata kidogo. Utakanyaga kwa mawazo, kama nilivyosikiliza kwa mawazo. Safari hii mimi ndiye nitakuwa upande wa pili wa ukuta. Ukisema hapana, nitakuja vile vile, tutakunywa chai, na sitabisha tena mpaka uniite. Daktari amesema pia kwamba ukishapona, wana rundo zima la magauni yanayohitaji fundi wa kuyafunga mgongo.

Wasalimie watoto wote, waambie shangazi yao anaona sasa, kwa hiyo waanze kujificha. Msalimie muuza viatu. Mwambie yule mteja wa koti jeusi avumilie. Tundu zake zitarudi kuwa nyeusi. Posta anakusalimu, na anasema magoti yake yangali ndani ya lifti. Wifi, ahsante kwa pumzi zako zote. Mungu awalinde mpaka tuonane, na safari hii kuonana kwa maana yake kamili.

Nimejizuia barua nzima, Fundi, na nimeuma ulimi mpaka umeota sugu. Lakini sasa ni wakati wa kurudi, na wa kujibu. Acha pedeli isimame yenyewe. Vuta pumzi, inua kichwa, kisha umjibu mkeo kwa sauti, ili aniandikie jibu leo leo:

Tuko pamoja?

Ni mimi dada yako akupendaye,

Mwalimu